Kuchagua na Kubadili Valvu za Nguvu Katika Vikuza Sauti vya Nyumbani



Watu wengi hudhani ya kuwa valvu ni kama globu ya taa. Ikifa, mtu huichomoa, huenda dukani kutafuta nyingine ambayo miguu yake yaingia katika matundu yale yale, huitia, na kazi imekwisha. Kwa globu ya taa dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwa valvu yaweza kuunguza transfoma ambayo bei yake yapita bei ya valvu zote kwa pamoja, na pengine kuwasha moto ndani ya nyumba watu wamelala. Basi katika mazungumzo haya nataka kueleza kwa nini valvu mbili zinazofanana kwa umbo zaweza kuwa si ndugu hata kidogo, na ni hesabu gani ambazo mtu hana budi kuzifanya kabla ya kutoa fedha yake.

Labda mtu atauliza, Je, valvu zingali zatumika? Naam. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1960 transista, kitu kidogo kisicho na moto wala kioo, kilishika kazi nyingi za valvu katika redio. Walakini wapenda muziki wengi wa Ulaya, Marekani na Asia hawakukubali kuziacha, na vikuza sauti vya zamani vingali vyapiga santuri majumbani mwao. Kwa ajili yao valvu zimeendelea kutengenezwa Čadca katika nchi ya Slovakia, Saratov katika Urusi, na huko China. Na katika nyumba nyingine za kwetu Afrika ya Mashariki makabati ya redio na santuri yaliyoachwa na wazee yangalipo, nayo kazi yake ni ile ile.

Kwanza tuelewe valvu ni kitu gani. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna waya wa moto, unaong'aa wekundu kama utambi wa chemli ulioshushwa. Waya huo hupasha joto mrija mdogo uitwao kathodi, na kathodi ikipata moto hutoa elektroni, yaani chembe za umeme zilizo ndogo mno. Kuizunguka kathodi, kwa mbali kidogo, pana bamba la madini liitwalo anodi, ambalo lina volti nyingi, nalo huzivuta elektroni zile. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya namna hii yenye sehemu mbili tu. Haukupita muda mrefu, Lee de Forest wa Marekani akaweka wavu wa waya katikati ya kathodi na anodi, nao huitwa gridi. Hapo ndipo kukuza sauti kulipowezekana.

Mwenye kuishi mlimani, palipo mifereji ya maji ya kunyweshea mashamba, ataelewa upesi. Maji ya mfereji yana nguvu nyingi; lakini lango dogo la ubao laweza kuyazuia au kuyaachia, na mtoto aweza kuliinua kwa mkono mmoja. Gridi ndiyo lango. Sauti dhaifu itokayo katika sindano ya santuri ndiyo mkono wa mtoto. Ikitikisa gridi, mkondo mkubwa wa elektroni hupanda na kushuka kwa mfano ule ule, na mkondo huo ndio unaosukuma kipaza sauti.

Katika kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya, mna valvu ndogo na valvu kubwa. Ndogo huiandaa sauti. Kubwa ndizo valvu za nguvu, nazo ndizo zinazopata joto jingi na kuchoka mapema. Aghalabu hukaa mbili mbili kwa kila kipaza sauti. Umewaona wapasua mbao wakiwa shimoni, mmoja juu ya gogo na mwenziwe chini? Wa juu akivuta, wa chini hupumzika. Kisha wa chini huvuta. Valvu mbili hizo hufanya hivyo hivyo: moja huchukua nusu moja ya wimbi la sauti, ya pili huchukua nusu nyingine. Mfano huu tuukumbuke, maana tutaurudia.

Sasa tuje katika kuchagua. Majina ya valvu huwatisha watu, lakini mengine yana maana iliyo wazi. Chukua EL34, valvu ya Ulaya. Herufi E yasema kwamba waya wake wa moto hutaka volti 6.3. Herufi L yasema kuwa ni valvu ya nguvu. Tarakimu 3 huonyesha kitako chenye nafasi za miguu minane. Dada yake, EL84, ana tarakimu 8, maana kitako chake ni kidogo chenye miguu tisa. Hiyo haitaingia katika soketi ya EL34 hata ukiilazimisha, na hapo umbo lenyewe humwokoa mtu. Wamarekani wana desturi yao: katika 6L6, iliyotoka mwaka 1936, na katika 6V6, tarakimu 6 ya mwanzo huonyesha volti zile zile 6.3. Waingereza nao wana ukoo wa KT, kama KT66 na KT88.

Hatari yaanza hapa. EL34, 6L6, 6V6, KT66 na KT88 zote zina kitako cha namna moja, na zote hutaka volti 6.3. Mkono hauoni tofauti. Tofauti imo katika ampea. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Na ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, yaani nguvu inayotumika. Waya wa moto wa 6V6 moja hunywa ampea 0.45, na EL34 moja hunywa ampea 1.5. Basi amplifaya iliyoundwa kwa 6V6 mbili ina transfoma iliyopangwa kutoa ampea 0.9 kwa valvu hizo. Ukiziondoa ukatia EL34 mbili, transfoma yadaiwa ampea 3, zaidi ya mara tatu. Ni sawa na kumtwika punda mmoja mzigo wa punda watatu. Haitalia siku ya kwanza. Muziki utapiga, na mwenye nyumba atasifu. Lakini nyaya zilizo ndani ya transfoma zitachemka, vanishi inayozitenga itakauka na kupasuka, na siku moja kutatoka harufu ya kuungua.

Hesabu ya pili ni ya miguu. Katika 6L6 ya kioo mguu wa kwanza haufungwi kitu ndani ya chupa, kwa hiyo waundaji wengine wa amplifaya hulitumia tundu hilo la soketi kama kituo cha kufungia nyaya nyingine. Katika EL34 mguu wa kwanza ni gridi ya tatu, ambayo haina budi kuunganishwa na kathodi iliyo mguu wa nane. Mtu akitia EL34 katika soketi ya 6L6 bila kuangalia chini ya sanduku, gridi hiyo yaweza kubaki bila kiungo, au kupata umeme usio wake. Kipande kifupi cha waya kutoka mguu wa kwanza mpaka wa nane chatosha kulisawazisha jambo hili, maadamu nyaya nyingine zimeondolewa hapo kwanza.

Hesabu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ndiyo inayowapotosha hata mafundi. Valvu ya nguvu hupitisha mkondo hata wakati hakuna muziki. Mkondo huo tuuite mkondo wa utulivu. Ukiwa mdogo mno, sauti hukwaruza, kwa sababu yule mpasua mbao mmoja huacha msumeno kabla mwenziwe hajaushika. Ukiwa mkubwa mno, anodi hupata joto kupita kiasi chake. Kinachoushika mkondo huo usipande ni volti hasi zinazowekwa kwenye gridi, nazo mafundi huziita bayasi.

Amplifaya nyingine hujitawala zenyewe. Quad II ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1953 na yenye KT66 mbili, ni ya namna hiyo. Chini ya kathodi mna rizista, yaani kipande kinachopunguza umeme. Mkondo ukizidi, rizista hiyo yenyewe huizidishia gridi uhasi, na mkondo hurudi chini. Katika amplifaya kama hiyo kubadili valvu zilizochoka kwa nyingine za jina lile lile ni kazi nyepesi. Amplifaya nyingine hupewa volti hasi kutoka nje ya valvu, na mtu huzirekebisha kwa bisibisi. Hizo hazijui kwamba umetia valvu mpya. Zitaipa valvu yoyote volti zile zile zilizokuwako jana.

Natwaa mfano wa amplifaya moja iliyo maarufu, ili hesabu ionekane. Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani, ilitoa amplifaya iitwayo Stereo 70. Watu wengi waliinunua ikiwa vipande, wakaiunganisha wenyewe mezani kwao. Ina EL34 nne, mbili kwa kila upande, na kila upande hutoa wati 35. Valvu mbili za upande mmoja hushirikiana rizista moja ya omu 15.6, na mwenye chombo huambiwa apime juu ya rizista hiyo mpaka mita isome volti 1.56. Pahali pa kupimia pamewekwa mbele, nje ya sanduku, ili asiingize mkono ndani.

Gawanya volti kwa omu. 1.56 kwa 15.6 ni ampea 0.1, yaani miliampea 100. Kwa kuwa valvu ni mbili, kila moja yapata miliampea 50. Anodi zina volti 400 na kitu. 400 mara 0.05 ni wati 20. Hesabu hii ni ya karibu, maana sehemu ndogo ya mkondo huishia katika gridi ya pili, lakini yatosha. Mtengenezaji wa EL34 ameweka mpaka wa wati 25 kwa anodi. Basi wati 20 zimo ndani ya mpaka, ingawa ni nyingi kidogo kwa valvu iliyopumzika. Mafundi wengi siku hizi hushusha mpaka miliampea 40 kwa kila valvu, na mita husoma volti 1.25 hivi. Mimi nawaunga mkono. Sauti haiharibiki, na valvu hudumu zaidi.

Lakini angalia vizuri. Mita ilipima jumla. Haikupima valvu moja moja. Je, kama valvu moja inapitisha miliampea 70 na mwenziwe 30? Jumla ni 100 ile ile. Mita yasoma 1.56, na mwenye nyumba asema yote ni salama. Kumbe 400 mara 0.07 ni wati 28. Valvu ya kwanza imekwisha kuuvuka mpaka wake, na ya pili yastarehe. Tena mkondo usiolingana huacha sumaku katika chuma cha transfoma ya kutolea sauti, na sauti nzito za ngoma hupungua nguvu. Ndiyo sababu valvu za nguvu hununuliwa zikiwa zimepimwa na kulinganishwa mbili mbili. Muuzaji akikuambia, “Nipe fedha ya moja tu, ile nyingine yako bado nzima,” usikubali haraka. Mpasua mbao mpya mwenye nguvu na mzee aliyechoka hawaendi pamoja katika shimo moja.

Sasa fikiri mtu anayetaka kuzitoa EL34 katika Stereo 70 na kutia KT88, kwa kuwa amesikia kwamba KT88 ni valvu yenye nguvu zaidi. Kila KT88 hunywa ampea 1.6 kwa waya wa moto. Nne hufanya 6.4 mahali pa 6, nayo transfoma ya amplifaya hii yajulikana kuwa hupata joto jingi hata kwa mzigo wake wa kawaida. Zaidi ya hayo KT88 hutaka volti hasi nyingi kuliko EL34. Ikipewa zile za EL34, mkondo hufurika. Na faida gani ataipata? Karibu hakuna. Wati 35 zitabaki karibu 35, maana nguvu hutoka katika transfoma na volti zake. Valvu huipitisha tu. Hata kama zingeongezeka zikawa 70, sikio lingesikia tofauti ndogo: kuongeza wati mara mbili ni desibeli 3 tu, na ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, zahitajika wati kama mara kumi.

Kuhusu utamu wa sauti, wauzaji wana maneno mengi. Valvu hii husemwa kuwa na sauti ya asali, ile ina sauti ya hariri. Sisemi kwamba tofauti hazipo. Ziko, hasa kati ya valvu za jamii mbalimbali. Lakini kati ya EL34 nzima ya kiwanda hiki na EL34 nzima ya kiwanda kile tofauti ni ndogo kuliko ile unayoipata kwa kusogeza kipaza sauti mbali na pembe ya chumba, na kusogeza hakuna gharama. Tena jina lililochapishwa juu ya kioo halikuonyeshi lilikotoka. Jina la Mullard, ambalo zamani lilikuwa la kiwanda cha Blackburn, Uingereza, limechapishwa juu ya valvu zilizotengenezwa Saratov. Huo si wizi, kwa sababu haki ya jina ilinunuliwa. Ila mtu asilipe bei ya Blackburn kwa kitu cha Saratov. Na wako walaghai wafutao maandishi ya valvu hafifu na kuandika mengine yenye sifa.

Utajuaje kwamba valvu imefikia mwisho? Valvu ya nguvu hudumu saa elfu chache. Ikiwa itadumu saa 2,000, na wewe wapiga santuri saa tatu kila jioni, haitatimiza miaka miwili. Ikichoka, sauti hupungua au hukwaruza. Tazama pia doa la rangi ya fedha ndani ya kioo, ambalo kazi yake ni kumeza mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Mwanga wa buluu unaokaa juu ya kioo usikutie hofu, wa kawaida huo. Ukungu wa zambarau unaojaa katikati ya anodi na kathodi ni jambo jingine. Valvu hiyo ina hewa, iondoe.

Dalili iliyo mbaya kuliko zote ni anodi kuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Zima mara moja. Usingoje wimbo uishe. Kisha usikimbilie kuilaumu valvu. Vyote vikiisha kupoa, badilisha mahali pa valvu mbili za upande huo, uwashe tena ukiwa unatazama, mkono kwenye swichi. Wekundu ukiifuata valvu, valvu ndiyo yenye kosa. Wekundu ukibaki katika soketi ile ile, kosa limo katika amplifaya, na mara nyingi ni kapasita iliyo kuukuu, inayovujisha volti za valvu ndogo mpaka kwenye gridi ya valvu ya nguvu. Mtu asiyejua jambo hili hununua valvu mpya, nayo huungua, akanunua nyingine tena.

Katika kuzibadili, chomoa waya wa umeme ukutani kwanza, ungoje zipoe. Shika kitako, usishike kioo, maana gundi ya valvu nzee huachia. Ipandishe polepole huku ukiitikisa kidogo. Valvu mpya ina ulimi katikati ya miguu. Tafuta ufa wake katika soketi, wala usilazimishe. Ikiwa amplifaya ni ya bayasi ya bisibisi, geuza bisibisi kwanza mpaka mahali penye uhasi mwingi kuliko pote, ili valvu mpya zianze na mkondo mdogo. Hakikisha vipaza sauti vimefungwa, kwa sababu amplifaya ya valvu ikipigwa muziki bila kipaza sauti yaweza kuipasua transfoma yake kwa volti zisizo na pa kwenda.

Na kuhusu kufungua sanduku lenyewe: ndani mna volti 400 na zaidi, zilizo kali kuliko umeme wa ukutani. Tena kapasita huziweka volti hizo kama mtungi uwekavyo maji, hata baada ya waya kuchomolewa. Zimewaua watu. Asiyefundishwa kuzimwaga kwa rizista na kuzipima kwa mita asiingize kidole, ampelekee fundi. Hata fundi mwenyewe hufanya kazi kwa mkono mmoja, na wa pili huuweka mfukoni, ili umeme usipite kifuani mwake.

Ukiisha kuwasha, ngoja robo saa, upime, urekebishe polepole upande mmoja kisha wa pili, maana kugusa mmoja husogeza mwingine kidogo. Pima tena baada ya saa moja, na tena baada ya juma moja la kusikiliza, kwa kuwa valvu mpya hubadilika katika siku zake za kwanza. Andika tarehe na kipimo katika karatasi, uibandike chini ya sanduku. Atakayefungua baada yako atajua pa kuanzia.